Machipukizi ya vitunguu vya maua yameota bustanini na sijayapanda. Naombeni msaada kabla sijaharibu zaidi

Jembe la Asubuhi (mwanzisha uzi)

Habari zenu wakuu.

Nina miezi minne tangu nihamie nyumba hii. Bustani niliikuta kavu, udongo umeshikamana kama sakafu, nikaamini humo hamna kitu zaidi ya magugu. Mvua zikaanza. Siku ya tisa natoka asubuhi nakuta ncha zimetoboa udongo kando ya ukuta, saba, kwa mstari ulionyooka kama umepimwa kwa kamba. Nyasi hazioti hivyo. Kila moja ni nene kama kidole gumba, bapa, majani mawili yamebanana kama viganja vya mtu anayeomba dua, na kwenye ncha kuna wekundu kidogo.

Chini ya mti kuna kitu tofauti kabisa. Ni chipukizi moja tu, nono, na sehemu ya chini ina madoadoa ya zambarau. Upande wa geti nako kuna vijani vyembamba vingi ambavyo sijui ni maua au ni balaa.

Sasa kosa langu. Siku mbili kabla nilikuwa nalima kando ya huo ukuta, nikasikia jembe limekata kitu laini. Kilikuwa kitunguu kikubwa kama ngumi, kimepasuka wima pande mbili. Ndani ni cheupe, tabaka juu ya tabaka, utomvu unateleza na kunata vidoleni. Katikati ya tabaka nikaona kijidude cha rangi ya krimu, bapa, kidogo kama kucha ya mtoto. Nikakifungua kwa ncha ya kisu. Ndani yake vichwa vinne vimelala pamoja, kila kimoja kidogo kuliko punje ya mtama.

Vipande viwili ninavyo bado, nimevifunga kwenye gazeti. Naomba kujua: haya ni nini, na ninaanzia wapi kuyatunza?

---

Mama Vitalu

Mwanangu, weka jembe chini kwanza. Hivyo vichwa vinne ulivyoviona ni maua. Kitunguu cha maua hutengeneza ua lake likiwa bado gizani, miezi mingi kabla ya kuchanua, na hilo lako lilikuwa tayari limeshapangwa, lasubiri maji.

Kwa maelezo yako, mstari wa ukutani karibu nina hakika ni amarilisi ya kawaida ya bustani, Hippeastrum, jamii iliyotoka Amerika ya Kusini ikasambaa dunia nzima. Angalia mpangilio wa majani. Yanatoka kwa safu mbili zinazotazamana, moja kulia moja kushoto, kama feni, na kila jani ni kama mkanda wenye ncha butu. Bua la ua halitatoka katikati ya majani, litatoka ubavuni. Likitoka, libonyeze taratibu. La Hippeastrum lina uwazi ndani kama mrija. Kuna ndugu yake wa Afrika Kusini, Amaryllis belladonna, ambaye bua lake limejaa, na huchanua akiwa hana jani hata moja. Watu huwachanganya kila siku.

Na huo mstari ulionyooka unakuambia jambo. Mvua haipandi kwa kamba. Kuna mtu aliyeishi hapo kabla yako alivipanda, na vimevumilia ukame wote huo vikiwa vimelala.

Vile vipande vyako viwili usivitupe. Nitavirudia baadaye.

---

Udongo Mweusi

Nakubaliana na Mama, ila niongeze kitu kuhusu kutambua kwa ujumla, maana wengi watapita hapa na machipukizi yao.

Mimi huwa naanza na swali moja: chini kuna nini? Fukua pembeni kwa kidole, usivute juu. Ukikuta tabaka kama za kitunguu, ni kitunguu cha kweli: amarilisi, tulipi, nargisi, yungiyungi. Ukikuta tunguu gumu lisilo na tabaka, lenye ganda la nyuzinyuzi, huenda ni gladiolasi au krokasi, na hapo mara nyingi utaona tunguu jipya limekaa juu ya la zamani lililosinyaa. Ukikuta shina nene linalotambaa kwa ulalo, huenda ni kana au irisi.

Kisha jani. Gladiolasi ana jani kama upanga, limesimama kwa ukingo wake. Krokasi ana jani jembamba lenye mstari mweupe katikati, huwezi kumkosea. Yungiyungi wa kweli (Lilium) kwa kawaida hatoi majani kutoka ardhini, anatoa shina moja lililozungukwa na vijani vingi tangu likiwa fupi.

Harufu nayo inasaidia, kwa tahadhari. Jani ukilisaga likanuka kitunguu, uko kwenye jamii ya Allium (ya vitunguu vya kupikia) au jirani zake. Lisiponuka, USIWEKE KITU MDOMONI kwa kisingizio kwamba kinafanana na kitunguu.

Ile chipukizi ya madoa chini ya mti usiiguse. Subiri siku kumi. Nina dhana yangu lakini nataka uione mwenyewe.

---

Mlezi wa Paka Wawili

Hilo la mdomoni naomba lisipitwe haraka. Vitunguu vya amarilisi na nargisi vina sumu iitwayo laikorini, inayoleta kutapika na kuharisha. Watu wamewahi kula vitunguu vya nargisi wakidhani ni vya kupikia. Mbwa anayependa kufukua ndiye aliye hatarini zaidi, kwa sababu sumu nyingi imo kwenye kitunguu chenyewe, si kwenye ua.

Na wenye paka: yungiyungi wa kweli wa Lilium, na wale wa siku moja wa Hemerocallis, huua figo za paka. Hata chavua aliyoilamba kwenye manyoya, hata maji ya chombo cha maua. Kama hujui chipukizi lako ni nini na una paka, lizungushie wavu mpaka ujue. Akishagusa, usisubiri dalili, mkimbize kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Pia vaeni glavu. Utomvu wa nargisi huwasha ngozi, na wanaoshika vitunguu vya tulipi kutwa nzima hupasuka vidole.

---

Fundi Fyekeo

Mimi nashauri ving'oe vyote sasa hivi uvipange upya sehemu moja, utaviona vizuri. Na majani yakishakuwa marefu yafunge mafundo au yakate nusu, bustani ipendeze.

---

Mama Vitalu

Ndugu yangu Fundi, kwa heshima zote, hapo tunapotea.

Jani la kitunguu si pambo. Ndilo linalopika chakula cha mwaka ujao. Kila siku jani linapokaa juani, sukari inashuka chini, kitunguu kinanenepa, na ua la msimu unaofuata linaanza kuumbwa humo ndani. Kwa amarilisi tunajua hata hesabu yake: hutoa takriban majani manne, kisha bua moja, majani manne, kisha bua. Ukikata majani nusu, umempunguzia chakula akiwa katikati ya kupika. Ukiyafunga mafundo, umeyanyima jua, matokeo ni yaleyale. Nargisi wanahitaji angalau wiki sita za majani baada ya ua kunyauka. Ua lililonyauka ndilo la kukata, kabla halijafunga mbegu, kwa sababu mbegu hula akiba.

Vitunguu vingi vinavyoitwa "vimegoma" au "dume" havina ugonjwa wowote. Vilifyekwa majani mwaka uliopita.

Kung'oa sasa pia hapana. Mizizi ndiyo kwanza inaanza kushika, ukiikata unakirudisha kitunguu nyuma msimu mzima. Kuhamisha ni wakati wa kulala, majani yakishakuwa ya njano yenyewe. Kama kuna ulazima, labda fundi ujenzi anakuja kesho, chimba mbali na kitunguu, kitoe na bonge lake zima la udongo, kiende shimo jipya bila kutikiswa.

Sasa, Jembe, vile vipande. Pindua uangalie chini. Kuna kisahani kigumu ambako mizizi inatokea. Je, kila kipande kina nusu yake ya kisahani?

---

Jembe la Asubuhi

Ndiyo Mama, nimeangalia. Jembe lilipita katikati, kila upande una nusu yake, na mizizi michache minene imebaki.

---

Mama Vitalu

Basi kuna matumaini. Chukua kisu kikali, ukisafishe kwa spiriti. Kila nusu igawe wima tena mara nne, kama unavyogawa chungwa, na kila kipande kibaki na sehemu ya kisahani chini. Bila kisahani kipande kitaoza tu. Osha udongo, viache vikauke kidogo, vipulizie dawa ya ukungu kama unayo. Kisha viweke kwenye mfuko wa plastiki pamoja na vemikulaiti (punje nyepesi za madini zinazoshika unyevu) au mchanga safi wenye unyevu wa mbali, yaani ukiukamua mkononi tone lisidondoke. Acha hewa ndani, funga, weka mahali penye giza na joto la nyuzi 20 hivi. Wiki 12. Kila wiki kagua, kilichooza kitoe.

Kati ya tabaka na tabaka, pale zinaposhikana na kisahani, vitaota vitoto. Hivyo ndivyo wazalishaji wanavyogeuza kitunguu kimoja kuwa vingi.

---

Baridi Mlangoni

Naingia na langu. Mimi niko kwenye nchi ya baridi, huu ni katikati ya majira yenyewe. Tumepata wiki mbili za joto lisilo la kawaida, na sasa kuna machipukizi yametokeza sentimita tatu juu ya udongo. Mengine ni bapa, kijani cha kijivujivu, ncha butu. Mengine ni jani moja pana lililojiviringisha kama karatasi. Wiki ijayo theluji inarudi. Nayafunika kwa plastiki?

---

Udongo Mweusi

Usifunike kwa plastiki, mkuu. Jua likitoka joto linapanda humo ndani na unyevu unageuka uozo.

Bapa na butu ni nargisi. Jani moja lililoviringika ni tulipi. Wote wawili wamezoea hayo. Kinachotokeza sasa ni ncha za majani tu, ua lenyewe bado liko chini ya udongo, limekingwa. Baridi ikipiga, ncha zinaweza kuungua zikawa njano au kahawia, na ua likaja vilevile kwa wakati wake. Tulipi hata wanaihitaji hiyo baridi: bila wiki 12 hadi 16 hivi za udongo wenye baridi, bua halirefuki, ua linachanua limekaa chini kabisa.

Ukitaka kusaidia, tandaza majani makavu mepesi, uyaondoe majira ya joto yakikaribia. La kuangalia zaidi ni maji yaliyotuama. Baridi kavu kitunguu hukiweza, kidimbwi hakiwezi.

---

Kindi Amepita

Swali langu ni moja. Mimi nargisi zimeota katikati ya nyasi za uwanja, mbali na kitalu chochote. Vitunguu vinatembea?

---

Udongo Mweusi

Vinahamishwa. Kindi hufukua tulipi na krokasi akaficha kwingine, ingawa nargisi huwa haguswi kwa ile sumu yake, kwa hiyo kwako kuna uwezekano mkubwa kwamba uwanja huo zamani ulikuwa kitalu, au udongo wa kusawazishia uliletwa na vitunguu ndani yake. Mboji nayo hubeba: mtu anatupa kitunguu alichodhani kimekufa, mwaka unaofuata kinaota pale mboji iliposambazwa.

Kuna na jambo ambalo mimi hunifurahisha kila nikilifikiria. Vitunguu vingi vina mizizi ya kuvuta. Mizizi hiyo hushika udongo wa chini kisha hujikunja kama chemchemi, na kitunguu kinashushwa kidogo kidogo mpaka kina kinachokifaa. Ndiyo maana mtu analima juu juu kwa miaka na hakioni.

Kata nyasi za uwanja kwa kuzikwepa hizo nargisi mpaka majani yake yakauke yenyewe.

---

Jembe la Asubuhi

MREJESHO, wiki ya tatu.

Wakuu, chini ya mti! Ile chipukizi ya madoa imetoa bua, na juu yake leo kumefunguka tufe jekundu kamili, kubwa kuliko kichwa cha mtoto mchanga, lote nyuzi nyekundu zenye ncha za njano. Nimepiga magoti nikaliangalia kwa karibu. Si ua moja. Ni maua madogo mengi mno, kila moja na vijiti vyake sita vya chavua vimechomoza nje. Nilijaribu kuhesabu nikaishia sitini na kitu, nikapoteza hesabu.

Ukutani, sita kati ya saba yametoa majani marefu. Bua hakuna.

---

Udongo Mweusi

Hiyo ndiyo niliyokuwa naisubiri. Scadoxus multiflorus, mwenyeji wa Afrika kusini mwa Sahara. Tufe moja linaweza kubeba maua 200. Litakaa wiki moja hadi mbili, kisha majani mapana yatafunguka kutoka kwenye shingo hiyo ya madoa. Anapenda kivuli, kwa hiyo mwache hapo hapo chini ya mti. Hapendi kuchokonolewa mizizi. Matunda yake huwa mekundu yenye nyama, ndege huyabeba, na kwa kuwa yuko peke yake chini ya mti sitashangaa kama aliletwa na ndege aliyetua kwenye tawi. Ana sumu naye, watoto waambiwe.

---

Mama Vitalu

Kuhusu ukutani usikate tamaa. Fukua udongo wa juu kidogo uone kitunguu kina mzingo gani. Chini ya sentimita 20 mara nyingi hutoa majani matupu. Na shingo ya amarilisi inatakiwa ionekane juu ya udongo. Kama imefukiwa yote, punguza udongo mpaka shingo ipumue. Hii ni tofauti na tulipi na nargisi, ambao kina chao ni mara mbili hadi tatu ya urefu wa kitunguu.

Mwagilia udongo unapokauka juu, si kila siku. Mbolea iwe yenye potasiamu zaidi, naitrojeni kidogo, maana naitrojeni nyingi hukupa majani ya kujivunia na kitunguu laini kinachooza. Mwagia chini, usimwagie juu ya majani. Ukiona mabaka mekundu kama kutu kwenye jani au bua, huo ni ukungu unaopenda amarilisi. Kata sehemu hiyo, ichome, acha nafasi ya hewa.

---

Jembe la Asubuhi

MREJESHO, wiki ya sita. Asubuhi ya leo nimekuta jani moja lina kama dirisha, ngozi ya juu imebaki, ndani patupu. Nikalipasua. Kuna viwavi weusi wenye mabaka meupe na ya njano, wamejipanga humo ndani.

---

Mama Vitalu

Watoe leo hii kwa mkono, usilale nao! Hao ni viwavi wa nondo wa mayungiyungi, Brithys crini. Wanaanzia ndani ya jani, wanashuka, wakifika kwenye kitunguu wanakila moyo. Kata jani hilo chini ya walipofikia, liharibu pamoja na waliomo. Kagua majani mengine upande wa chini, mayai huwekwa kwa fungu. Rudia kila jioni kwa wiki mbili. Kwa mimea saba, mkono unatosha.

---

Udongo Mweusi

Na vile vijani vyembamba vya getini vimeishia wapi?

---

Jembe la Asubuhi

Bado vipo, vimejaa. Sijui nifurahi au nililie.

---

Udongo Mweusi

Shika shina moja chini kabisa, lizungushe kati ya vidole. Likiwa na pembe tatu na majani yanatoka kwa tatu tatu, ni ndago. Chimba utakuta viazi vidogo vyeusi vimeunganishwa kwa uzi mgumu. Huyo hana msamaha, chimba mpaka uzi wa mwisho, kila kiazi kinachobaki kinarudi. Ikiwa jani ni laini, bapa, na chini kuna kitunguu kidogo chenye ganda la kahawia, huenda ni ua la mvua, Zephyranthes, ambaye huchanua siku chache baada ya mvua kubwa.

---

Jembe la Asubuhi

Ni wote wawili, wamechanganyika! Nimekaa chini jana saa tatu nzima nazungusha shina moja moja. Ndago ndoo moja imejaa. Vitunguu vidogo 31 nimeviacha palepale, na kila kimoja nimekichomekea kijiti. Mstari wa ukutani pia nimeuwekea vijiti, ili vikilala nisirudie kosa lile.

---

Jembe la Asubuhi

MREJESHO, wiki ya 13.

Viwavi wamekwisha. Sita za ukutani zina majani matano hadi saba kila moja, hazijachanua, na nimeshaelewa kwa nini. Ya saba ilitoa bua moja mwezi uliopita. Nililibonyeza kama Mama alivyosema, lilikuwa na uwazi ndani. Maua manne, mekundu, na mstari mweupe katikati ya kila petali. Manne, kama yale niliyoyaona kwenye ncha ya kisu.

Leo nimefungua ule mfuko. Vipande vinane viliingia, viwili viliondoka kwa kuoza wiki ya tatu. Katika sita vilivyobaki, tabaka za zamani zimenyauka na kulegea kama karatasi iliyolowa, na kati yake, palepale kwenye kisahani, kuna vitunguu vyeupe vinavyong'aa, vidogo kama harage. Kimoja kimeshatoa mzizi mmoja na ncha ya kijani. Nimehesabu mara mbili: kumi na moja.

Mama Vitalu, navipanda kina gani?

---

Mama Vitalu

Kwenye chungu kwanza, mwanangu. Udongo mwepesi wenye mchanga, kipande na kitoto chake pamoja, usivitenganishe kwa nguvu, tabaka la zamani bado linamlisha. Ncha iwe usawa wa udongo. Kivuli chepesi, maji kidogo. Usivilazimishe kulala mwaka huu wa kwanza wala wa pili, viache na majani yake muda wote vinapoyataka. Ua utaliona baada ya miaka mitatu au minne.

Na mstari wa ukutani una nafasi moja wazi. Ukifika wakati, utajua cha kuweka pale.